Ziwa (titi) limevimba wiki ya saba, dawa aina tatu hazijagusa. Nani amepitia hili?

MamaWawili (mwanzisha uzi)

Habari za usiku wakuu. Ni saa saba usiku, watoto wamelala, mume yuko safarini, na mimi nimekaa kitandani na kitambaa cha maji baridi juu ya ziwa la kushoto. Nina miaka 33, naishi Morogoro. Mtoto wa mwisho ana miaka miwili na nusu na nilimwachisha miezi tisa iliyopita. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemweleza anauliza kwanza, "Unanyonyesha?" Nikijibu hapana, ananyamaza.

Ilianza kama kigololi, upande wa juu kwa nje, karibu na kwapa. Nilikikuta nikijipaka mafuta baada ya kuoga. Siku ya tatu kikaanza kuuma. Siku ya tano ziwa zima likawa la moto, ngozi imebana inang'aa, na chuchu ikaanza kuvutwa kuelekea upande ule. Nikaenda duka la dawa, nikapewa zile za rangi mbili za siku tano. Hakuna kitu. Nikaenda kituo cha afya, daktari akasema ni jipu linakuja, akaandika dawa nyingine za siku saba na sindano. Maumivu yakapungua kidogo, yakarudi. Wiki ya nne nikaenda hospitali nyingine, wakasema jipu limeiva, wakalipasua.

Nilidhani utatoka usaha wa kujaza bakuli. Ulitoka kama kijiko kimoja cha chai, umechanganyika na damu. Nesi akaufuta kwa pamba, pamba ikaenda kwenye ndoo. Hakuna aliyepeleka chochote maabara, na mimi sikujua kama kuna cha kupeleka. Nikapewa dawa ya tatu, nikaambiwa nisafishe kidonda asubuhi na jioni.

Leo ni wiki ya saba. Kidonda hakijafunga, kinatoa majimaji ya njano. Na pembeni yake, kama sentimita mbili, kimeota kijundu kingine. Juzi nikaingia mtandaoni nikakuta kuna kansa ya titi inayokuja bila uvimbe wa kushika, inakuja na moto na wekundu kama jipu, watu wanatibiwa jipu miezi hadi inakuwa imechelewa. Tangu siku hiyo silali. Mama yangu mdogo alifariki kwa kansa ya titi mwaka 2011, nilimuuguza mimi. Mama mzazi ananiambia nisiogope, kansa haiumi. Wifi anasema nimetupiwa jicho.

Naomba mwenye kujua aniambie. Na aliyepitia aniambie zaidi.

---

FundiSeremala

Pole sana dada. Mimi si daktari, ila nina neno moja. Mwambie mumeo leo, usingoje arudi. Mke wangu alinificha miezi minne kwa kuogopa kunitia gharama wakati ada za watoto zinadaiwa. Nilipojua nilikasirika, halafu nikalia. Wa kwake ulikuwa uvimbe wa kawaida tu usio na madhara, ulitolewa. Lakini ile miezi minne alilala na mzigo ule peke yake, kitanda kimoja na mimi.

---

BibiChumbageni

Mwanangu, pole. Sisi Tanga ziwa likivimba tulikuwa tunalichana kwa chanuo la mti, kutoka juu kuja kwenye chuchu, baada ya kulikanda na maji ya moto. Na majani ya kabichi yaliyopoa. Wanangu sita nimewanyonyesha hivyo. Jaribu, huku unaomba dua.

---

SistaMstaafu

Shikamoo bibi. Nakuheshimu, na jani la kabichi la baridi sina ugomvi nalo, linatuliza. Ila chanuo na maji ya moto naomba MamaWawili asiyaguse. Nimefanya kazi wodi ya upasuaji miaka 22 na nimepokea maziwa yaliyochanwa na kukandwa hadi ngozi imechubuka na nyama ya ndani imevimba mara mbili. Hata kwa mama anayenyonyesha, mwongozo wa kimataifa uliopitiwa upya 2022 umeacha habari ya kukamua kwa nguvu na kukanda: ziwa lililovimba linatakiwa barafu, dawa ya maumivu, na mtoto anyonye kama kawaida bila kulazimisha limalizike. Na hapa mtoto hanyonyi. Hiyo peke yake inabadilisha hesabu yote.

MamaWawili, naomba unijibu haya moja moja:

Homa ulipata? Ngozi ina vitundu vidogo kama ganda la chungwa? Wekundu au weusi umechukua sehemu gani ya ziwa: robo, theluthi, zaidi? Kwapani kuna tezi? Umekuwa ukikohoa, kutoka jasho usiku, kupungua uzito, au kukaa na mtu mwenye kifua kikuu? Sukari umepima? VVU umepima lini mara ya mwisho? Unatumia dawa yoyote ya muda mrefu, hasa za kutuliza akili au za kuzuia kutapika? Nyingine hupandisha homoni ya maziwa, ziwa linajaa bila mtoto. Unavuta sigara?

Usijibu ya siri hapa, hayo mpelekee daktari. Ila yaandike kwenye karatasi.

Na hili la mama yako kwamba kansa haiumi. Ni kweli uvimbe mwingi wa kansa ya titi hauumi mwanzoni. Lakini maumivu hayajawahi kuwa cheti cha kuwa salama, na kutouma si cheti cha kuwa mgonjwa. Mwache mama aseme, ni mama. Wewe usilipange jambo hili kwa kipimo hicho.

---

MamaWawili

Sista, asante, umenifanya nikae vizuri. Homa ilikuwepo siku mbili za mwanzo tu. Ganda la chungwa sijui kama naliona au nalitafuta, maana nimetazama picha nyingi mno. Weusi umechukua kama robo. Kwapani kuna kitu kama punje ya harage kinachohama nikikisukuma. Sivuti. Mengine nimeandika.

---

Nimerudi2019

Nimesoma uzi huu nikafunga simu, nikarudi. Mimi ndiye huyo uliyemsoma mtandaoni.

Nilikuwa na miaka 41. Ziwa la kulia lilianza kujaa, siku kumi tu likawa limezidi la pili kwa ukubwa. Sikuwa na homa. Sikushika uvimbe wowote, hata daktari hakushika. Picha zote za mtandaoni zilisema "wekundu", na mimi ni mweusi wa Songea, wekundu sikuwa nao. Rangi ilikuwa kama zambarau iliyoiva, iko chini ya ngozi, na ukiweka mgongo wa mkono unasikia joto kama la chuma cha jiko. Jioni nikivua sidiria, alama za mikanda zilibaki zimechimba hadi asubuhi. Vinyweleo vilikuwa vimezama, kila kimoja kwenye kishimo chake. Hilo ndilo ganda la chungwa, MamaWawili. Kwangu, nikiinamisha taa ya simu pembeni lilionekana.

Nilipewa dawa za jipu mara mbili, wiki tano zikapotea. Wakachoma sindano nyembamba, majibu yakaja hakuna seli za kansa. Tulichinja kuku nyumbani. Daktari mmoja mama, mtu mzima, ndiye aliyesema majibu yale hayafanani na ziwa analoliona, akakata kipande cha ngozi kidogo kama punje ya mchele, pamoja na vinyama vya ndani kwa sindano nene. Hapo ikaonekana. Kansa ilikuwa imeziba mishipa midogo ya ngozi inayopitisha maji, ndiyo maana ziwa lilivimba bila donge.

Nilianza na dripu za kemo kabla ya kisu. Hiyo ndiyo njia yake: ukianza na kisu kwenye ziwa lililowaka hivyo, unakata katikati ya ugonjwa. Halafu likatolewa ziwa lote na tezi za kwapani, halafu mionzi hospitali ya kansa ya Ocean Road. Nilipanga chumba Dar wiki zote za mionzi. Mwaka 2019 ndio nilirudi nyumbani, jina langu hapa linatokana na hilo.

Sikuandika kukutisha. Wewe una usaha, una kidonda, una robo ya ziwa, na yangu ilichukua zaidi ya nusu kwa wiki tatu. Havifanani. Lakini usikubali mtu yeyote, mimi nikiwemo, akuambie hii ni ile au siyo ile kwa maneno. Kinyama, yaani kipande kinachokatwa kupelekwa maabara, ndicho kinasema.

---

Mpitanjia77

Wakuu samahani, lakini kinyama si ndicho kinachoamsha kansa? Mjomba wangu alikaa na uvimbe miaka, alipokatwa tu miezi mitatu akaondoka.

---

Darubini

Mpitanjia77, pole kwa mjomba. Niko maabara ya patholojia, vinyama ndiyo kazi yangu ya kila siku, acha nikueleze ninachokiona.

Watu wengi wanaletwa kupimwa uvimbe ukiwa umeshaenda mbali. Kipimo kinafanyika Januari, mtu anafariki Aprili, jamaa wanakumbuka kisu. Hawakumbuki miaka ile ambayo uvimbe ulikuwa unakua kimya. Sindano ya kinyama haisambazi kansa ya titi. Ingekuwa inasambaza, dunia nzima isingeitumia kuwa hatua ya kwanza.

Sasa MamaWawili, hili ni lako na naomba ulishike kuliko yote niliyoandika. Ukienda kuchukuliwa kinyama, uliza kuhusu CHUPA MBILI. Kipande cha kuangalia kansa kinaingia kwenye formalini, ile dawa yenye harufu kali inayochoma macho. Inakikaza na kukihifadhi ili tukikate vipande vyembamba kuliko karatasi na kukipaka rangi. Lakini formalini inaua kila kitu. Ukitaka kuotesha bakteria au vijidudu vya kifua kikuu, lazima kipande kingine kiende kwenye chupa ya maji ya chumvi ya hospitali, bila formalini, na kifike maabara siku hiyo hiyo. Nimepokea mara nyingi chupa moja ya formalini yenye fomu iliyoandikwa "angalia kansa, na pia otesha TB". Hapo mgonjwa inabidi achomwe tena.

Na ule usaha uliofutwa na pamba ulikuwa na majibu ndani yake. Iliniuma kusoma.

---

SistaMstaafu

Darubini amemaliza. Naongeza kimoja. Kwa umri wa miaka 33 anza na utrasaundi ya ziwa na kwapa. Mamogramu kwa wanawake wa chini ya miaka 40 mara nyingi haioni vizuri kwa sababu nyama ya ziwa bado imeshonana, na kwa ziwa linalouma hivyo kubanwa ni mateso. Daktari akiona inahitajika ataiagiza. Na kinyama kiwe cha sindano nene, ile inayotoa uzi wa nyama. Sindano nyembamba inatoa seli zilizotawanyika, kwa ugonjwa wa namna hii hazitoshi.

---

MamaWawili

Wakuu nimerudi. Nilimpigia mume usiku ule ule. Alishuka Jumapili na basi la asubuhi, hakusema mengi, alifua nguo zote za watoto.

Nilipata rufaa kwenda Dar. Jana nimefanyiwa utrasaundi. Majibu yameandikwa BI-RADS 4, ngazi ya shaka kwenye picha za ziwa, na nimeambiwa nirudi Alhamisi kwa kinyama. Nimetafuta nini maana ya 4 nikasoma "inatia shaka ya saratani". Nimekaa kwenye benchi la nje nikashindwa hata kusimama kutafuta daladala. Kitu kingine, imeandikwa tatizo liko saa 2. Saa mbili mshale unakuwa chini kushoto, lakini langu liko juu upande wa kwapa. Wamepima ziwa gani?

---

SistaMstaafu

Mwanangu, vuta pumzi. La saa kwanza. Wanachora saa juu ya ziwa ukiwa umewatazama, na wanasoma namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, si saa yetu ya Kiswahili. Namba 2 iko juu, upande wa kwapa lako la kushoto. Sisi tungesema saa nane. Wamepima penyewe kabisa.

La pili, 4 si jibu la kansa. Ni daktari wa picha anasema, "Mimi kwa picha peke yangu sitoi hukumu, leteni kinyama." Ndani ya 4 kuna wenye uwezekano wa asilimia 2 na kuna wenye uwezekano wa asilimia 95, ndiyo maana wengine huigawa A, B na C. Ziwa lenye kidonda na mifereji ya usaha mara nyingi huangukia hapo.

---

Nimerudi2019

Alhamisi uko saa ngapi? Nipo Dar wiki hii kwa kliniki yangu. Nikuandikie faragha.

---

MamaWawili

Amekuja. Sijawahi kumwona maishani, amekuja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alikaa nje ya chumba dakika zote.

Kinyama niwaambie wanaoogopa: ganzi ndiyo inauma, inachoma kama nyigu, halafu kunakufa. Kuna mashine inalia TAK kama ya kubania karatasi, ukisikia mlio ujue ameshapata. Alipiga mara sita. Alininyooshea kimoja nikione: uzi mweupe mwembamba, urefu kama punje mbili za mchele zimeunganishwa. Nilimuuliza daktari habari ya chupa mbili. Alinitazama, akauliza, "Nani kakufundisha?" Akamtuma nesi akalete ya pili. Vinne vikaingia formalini, viwili maji ya chumvi. Majibu wiki mbili.

---

KageraNdizi

Wakati tunasubiri, niweke na langu, huenda likamsaidia anayesoma kimyakimya. Mimi lilikuwa ziwa la kulia, lilipasuliwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja na kila mara linafunga na kufunguka. Sikukohoa hata siku moja, picha ya kifua ilikuwa safi. Ilikuwa kifua kikuu cha titi. Kipimo kilekile cha mashine kinachopima makohozi walikifanya kwenye kinyama, ndipo kikaonekana. Dawa miezi sita, bure kwenye hospitali ya serikali, kidonda kikafunga mwezi wa tatu. Watu hawaamini kuwa TB inakaa kwenye ziwa. Inakaa.

---

MamaWawili

Wakuu, majibu. Nayanakili kama yalivyoandikwa, kwa Kiswahili changu: hakuna seli za saratani zilizoonekana. Kuna vinundu vya granuloma vimekaa kwenye vijumba vya maziwa, na usaha katikati. Hakuna uozo wa aina ya TB. Kipimo cha mashine cha TB hasi, cha kuotesha kinaendelea. Daktari ameuita mastaitisi (ziwa kuwaka na kuvimba) ya granuloma isiyo na chanzo kinachojulikana.

Nilipotoka nilimpigia mama, nikashindwa kuongea, akafikiri ni ile mbaya. Ilibidi mume achukue simu.

Sasa nisaidieni, ni ugonjwa gani huu? Daktari alieleza lakini masikio yangu yalishafunga pale kwenye "hakuna saratani".

---

Darubini

Alhamdulillahi. Nafurahi sana dada.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza kwenye vitabu vya tiba mwaka 1972. Unawapata zaidi wanawake walio kwenye umri wa kuzaa, mara nyingi ndani ya miaka michache baada ya kunyonyesha, kama wewe. Inafikiriwa kwamba maziwa yanavuja kutoka kwenye vijumba vyake na kuingia kwenye nyama ya pembeni, kinga ya mwili inayaona kama adui na kuyajengea ukuta; ukuta huo ndio granuloma. Wengine hukutwa na bakteria mmoja wa jamii ya Korinebakteria anayependa mafuta. Wengine homoni ya maziwa iko juu. Kwa wengi hakionekani chochote, ndiyo maana ya "isiyo na chanzo kinachojulikana". Kwa macho, kwa mkono na hata kwa utrasaundi unafanana na kansa kiasi kwamba kuna wanawake waliowahi kuondolewa ziwa kabla kinyama hakijasema.

Kidonda chako kilichogoma kufunga ni tabia yake. Kupasua mara kwa mara kunazidisha vidonda. Usaha ukijaa sana unavutwa kwa sindano.

Matibabu atakayoamua ni daktari wako. Kuna wanaoachwa wapone wenyewe wakifuatiliwa, kuna wanaopewa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, na ikigoma huongezewa methotreksati, dawa nyingine ya kushusha kinga, ambayo hairuhusiwi kabisa kwa anayetarajia mimba. Ila tafadhali: prednisoloni inashusha kinga. Akipewa mtu ambaye kumbe ni TB, TB inapata shamba. Ndiyo maana ile chupa ya pili ilikuwa na maana, na majibu ya kuotesha usiyaache kuyafuata, yanaweza kuchukua hadi wiki nane.

---

Mpitanjia77

Kwa hiyo anaweza akanunua prednisoloni dukani? Huku kwetu zinauzwa hata bila cheti.

---

SistaMstaafu

Hapana, hapana, hapana. Inapandisha sukari, inapandisha presha, inachubua tumbo, na ukiiacha ghafla baada ya wiki nyingi mwili unaanguka kwa sababu tezi zake zimeshazoea kulala. Inaanzwa kwa kupimwa na inashushwa kwa kupimwa. Aliyeizoea dukani kwa kunenepa, huyo ana uzi wake.

---

BibiChumbageni

Mwanangu nimefurahi hadi nimemwita jirani nimsomee. Lile chanuo nimelitoa kwenye ushauri wangu. Mjukuu wangu wa Korogwe anajifungua mwezi huu, nimemwambia barafu.

---

MamaWawili

Mwezi wa nne tangu majibu. Sipendi nyuzi zinazoishia hewani, kwa hiyo narudi.

TB ya kuotesha ilikuja hasi wiki ya saba. Hapo ndipo daktari akaanza prednisoloni, miligramu 30, akaishusha kidogo kidogo kila baada ya wiki kadhaa. Sasa niko 5. Uso ulivimba, nilikula kama mtu anayelima shamba la wengine, na sukari ilipanda mwezi wa pili nikapunguziwa wanga. Kile kijundu cha pembeni kilipasuka chenyewe na kufunga. Kidonda cha zamani kimefunga, kimebaki kovu lililozama kama alama ya kidole kwenye unga. Chuchu haijarudi sawa, na nimeambiwa huenda isirudi. Tezi ya kwapani imepotea.

Nimeambiwa ugonjwa huu hurudi, unaweza hata kuhamia ziwa la pili, na kwamba kupona kwake mara nyingi huchukua mwaka na zaidi. Nina utrasaundi nyingine Machi. Na kwa sababu ya mama yangu mdogo, nimewekwa kwenye orodha ya kuangaliwa kila mwaka, hilo halihusiani na hili lakini limepata nafasi yake.

Daktari niliyemweleza habari ya usaha uliotupwa hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba ziwa la mwanamke asiyenyonyesha likivimba, na dawa ya kwanza isipoleta nafuu ndani ya siku mbili tatu, hatua inayofuata ni picha na sampuli, si dawa ya pili. Nilimwomba aniandikie sentensi hiyo nyuma ya kadi yangu.

---

Nyuki_Tabora

Samahani kufufua uzi. Nina miaka 29, nimesoma kuanzia juu hadi hapa nimesimama jikoni, maharage yameungua. Ziwa la kulia, wiki ya sita, limepasuliwa mara moja, mtoto ana miaka mitatu. Hapa wanasema wanipasue tena Jumatatu. Nimeogopa kuuliza.

---

MamaWawili

Mdogo wangu, pole. Jumatatu nenda, usikimbie, ila kabla hawajagusa kisu sema hivi: "Naomba kwanza utrasaundi, na naomba kinyama na usaha vipelekwe maabara." Wakisema kinyama hakifanyiki hapo, omba rufaa ya maandishi. Andika kwenye karatasi lini lilianza, dawa zote ulizomeza na siku zake, na beba hata maganda. Kama kuna mtu ndani ya nyumba anayekohoa, litaje.

Chupa mbili. Usisahau.

Na kama rufaa itakuwa ya Dar, basi lenu linapita hapa kwetu. Niandikie faragha siku yenyewe na namba ya kiti, nitakuwa stendi ya Msamvu na chakula.